Kichwa Nilichokataa Kukinyoa

Hiram Mulinge Ndulu,
S.L.P. 1184,
Kitengela.
12 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Katee,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikijua kwamba salamu zangu zimechelewa sana. Hali yako ni vipi? Unakula? Unapata usingizi? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kila ukiinama kwenye mfereji wa shamba, umekuachilia au bado? Na watoto, Kamene na Kyule, wako salama?

Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee wa miaka sitini na tisa. Magoti hulalamika asubuhi. Miwani niko nazo mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza. Mwezi huu Kitengela ni baridi, upepo unatoka upande wa mbugani na kuingia chini ya mlango hata nikiuziba kwa gunia.

Pole, ndugu yangu. Nimeanza na magoti na upepo kwa sababu nilikuwa sijui pa kuanzia. Nimesikia habari za Syokau. Pole sana kwa kuondokewa na mke wako. Alipoolewa kwetu, alikuwa akiniwekea muthokoi wa chini ya sufuria, ule ukoko wa mahindi ulioshika moto, kwa sababu aligundua kuwa naupenda na naona haya kuuomba. Hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya watu. Nimemlilia hapa peke yangu, na nimemlilia vibaya.

Sikuambiwa na mtu wa ukoo. Niliambiwa sokoni, Jumanne ya wiki iliyopita, na Mwihaki, yule mama anayeleta vitunguu kutoka kwenu Illasit na kuviuza hapa Kitengela. Alikuwa akinipimia kilo moja.

“Mzee Mulinge, si wewe ni wa kina Ndulu?” akaniuliza. “Kuna mzee huko Illasit ananiuziaga vitunguu, anaitwa Katee Ndulu. Alifiwa na bibi yake, ni kama mwezi sasa. Pole kama ni mtu yenu.”

Nikamwambia ni ndugu yangu, tumbo moja. Akaacha kupima, akanitazama.

“Ndugu yako? Na hukuenda mazishi?”

Nilisema sikujua. Nadhani alinihurumia, maana aliongeza kitunguu kimoja juu ya mzani. Kisha akasema, “Huyo mzee hajanyoa mpaka leo. Watoto walimletea kinyozi, akamfukuza. Ako na manywele na ndevu mpaka watu wanaogopa kumwongelesha.”

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti na vitunguu miguuni hadi mwanangu Mutinda aliponipigia simu kutoka Doha. Hakuwa na habari yoyote, alikuwa akinisalimu tu kama desturi yake. Sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba baba mdogo wake amezika mke na mimi nimejulishwa na mwuza vitunguu?

Katee, huu ni mwaka wa tisa hupokei simu zangu. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu, na Mwihaki ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Ninalolitaka ni moja, na nalitanguliza ili usisome kurasa zote hizi ukidhani kuna lingine nyuma yake. Nakuomba nije Illasit nikunyoe.

Sasa nieleze, kwa sababu nina deni la maelezo kwako tangu tulipomzika baba.

Unajua kilichotokea, lakini sijawahi kukisema kwa mdomo wangu. Asubuhi ya tatu baada ya mazishi, pale nyumbani Emali, mlikuwa mmeketi kwenye benchi kando ya ghala, wewe, wajomba na watoto wa shangazi, mkinisubiri nije na vifaa niwanyoe kwa ajili ya msiba, kama desturi. Mimi ndiye niliyekuwa kinyozi wa ukoo. Hakuna aliyewaza kuita mwingine. Wewe ulikuwa wa kwanza kwenye benchi, umeshavua kofia.

Nami nilikuwa nimeokoka miezi mitano tu, na mtu aliyeokoka miezi mitano ni hatari kuliko aliyeokoka miaka hamsini. Mchungaji wangu wa hapa Kitengela alikuwa ametufundisha kuwa kunyoa kwa ajili ya maiti ni kuabudu wafu. Nikaja pale kwenye benchi, sikuketi wala sikuwaita kando, nikawaambia mbele ya wote kwamba mikono yangu haitafanya kazi hiyo. Kisha nikaingia ndani nikafungasha vitu vyangu, nikaenda barabarani kungoja gari kabla hata chai haijaiva.

Nilisikia baadaye kwamba mlinyolewa na jirani kwa nusu ya wembe, akakukata sikio. Na neno lako likanifikia, kwa sababu maneno kama hayo hayapotei njiani: “Amenyoa vichwa vya Kajiado nzima, akakosa kunyoa changu.”

Ni kweli. Miaka thelathini na moja pale Kajiado, karibu na soko la mifugo, nimenyoa wachunga ng'ombe, madereva, makarani wa serikali na walevi. Nimemnyoa mtu aliyekuwa akipelekwa mahakamani, amefungwa pingu. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza ananyoa kwa sababu gani. Wewe tu.

Yule mchungaji alifiwa na mama yake miaka miwili baadaye. Nilikutana naye kwenye foleni ya benki akiwa amenyoa kipara, na nilipomtazama sana akaniambia ni kwa ajili ya usafi. Nilitaka kucheka, na sikuweza. Simsingizii. Yeye alifundisha, lakini miguu iliyotoka pale nyumbani ilikuwa yangu.

Halafu Mungu akanifundisha kwa njia yake. Mke wangu Mwongeli alipofariki, mwaka wa 2021, sikukuita. Nilijiambia wewe ndiye hupokei simu, lakini ukweli ni kwamba sikujaribu kukutumia mtu. Niliona aibu ujue nimefiwa na uwe na haki ya kutokuja. Baada ya mazishi nikajinyoa mwenyewe mbele ya kioo. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, na mimi nilidhani ni msemo wa watu wasio na ujuzi. Nilikaa siku nne na kishungi kisogoni nisichokijua, nikienda kanisani nacho, nikipokea pole za watu nacho, mpaka Gakuru, jirani yangu mwuza makaa, aliponishika bega na kuniambia kwa upole nigeuke. Alikimaliza kwa mkasi wa kukatia magunia. Siku hiyo ndipo nilipokukumbuka kwenye benchi, Katee. Niliumia sana.

Mwaka uliofuata nilifunga kibanda changu cha kinyozi. Vijana wanataka mashine, rangi na michoro kichwani, na mkono wangu umeanza kutetemeka kidogo, si wa kukata mtu, lakini wa kumtia mtu wasiwasi. Nikabaki na nyumba, redio na mchana mrefu. Nimezoea usiku, mchana ndio unaonishinda. Saa nne asubuhi kila mtu ana mahali anakokwenda, na mimi nasikia magari ya simiti yakipita na ng'ombe wa Wamasai wakivuka, halafu nasikia ukimya wa nyumba.

Kazi niliyopata imenijia kwa bahati. Mfanyabiashara mmoja hapa, Gitonga, alikuwa akifungua masanduku ya marehemu baba yake, akakuta brashi ya kunyolea ya zamani, mpini mzuri kabisa na nywele zimeisha kama za mswaki wa mtu mkali. Akaniuliza kama inaweza kupona. Sikujua. Nikatazama mafunzo kwenye simu, nikaharibu brashi zangu mbili za kazi nikijifunza, na ya tatu, ile yake, ikakubali. Akamwambia mwenzake, naye akamwambia wa Nairobi. Sasa wananiletea za watu waliokufa zamani, za mpingo, za pembe, za shaba, na zile za plastiki nzito ya zamani inayofanana na pembe ya ndovu.

Ukiniona utacheka. Navukiza brashi juu ya birika mpaka gundi ya zamani ilegee. Nywele zikikataa kutoka, nazikata karibu na mpini na kutoboa kilichobaki kwa drili, polepole, maana mpini wa miaka sitini ukipasuka hakuna wa kukuuzia mwingine. Kisha nasafisha shimo kwa msasa. Fundo jipya la nywele huja kwa posta likiwa limefungwa tayari, la manyoya ya nguruwe au la mnyama fulani wa Ulaya wa jamaa ya nyegere. Kazi yenyewe iko kwenye kina. Ukilizamisha sana, brashi inakuwa ngumu na kumchoma mtu shavuni. Ukiliacha juu, linalala kama nyasi baada ya mvua na halitoi povu. Kwa hiyo nakata vijisahani vyembamba vya mti wa mukau, naweka kimoja chini ya shimo, napima, naongeza kingine, napima tena. Naweza kupoteza asubuhi nzima kwa unene wa ukucha. Nakuambia ukweli, napoteza kwa makusudi.

Lakini mwezi wa Machi nilifanya kosa ambalo bado linanikera.

Mama mmoja wa Kajiado, Nyaguthii, mjane, aliniletea brashi ya mumewe, mpini wa kijani. Akasema itengenezwe. Nikaitengeneza kwa siku tatu, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Alipokuja kuichukua aliisifu, akaigeuzageuza, kisha akaipeleka puani. Uso wake ukabadilika.

“Hapa hakuna kitu yake,” akasema. “Zile nywele za zamani ziko wapi?”

Nilikuwa nimezichoma. Unajua mazoea yangu. Nywele zilizoanguka kwenye sakafu yangu hazijawahi kulala, nilizichoma kila jioni kwa miaka yote ya Kajiado ili mteja asiwaze uchawi. Mkamba anayehifadhi nywele za watu kwenye kopo atabaki na jirani gani? Kwa hiyo nywele za brashi ya marehemu nazo nilizitia motoni pamoja na takataka, bila kuwaza hata kidogo.

Nyaguthii akaniambia kwamba kila asubuhi alikuwa akiinusa ile brashi. Sabuni ya mumewe ilikuwa imeingia humo, miaka ishirini ya sabuni ile ile. Alitaka mpini uzibwe ufa, basi. Nilikuwa sijamuuliza. Akaifunga brashi kwenye leso, akanishukuru, akaondoka. Afadhali angenigombeza. Nilikaa pale nimeshika kitambaa cha kupigia msasa, nikajiona nilivyo. Mimi ni mtu wa kufanya jambo safi bila kumuuliza anayeumia.

Sasa nikuambie la mwisho, ambalo huenda ndilo utakalokasirikia zaidi. Brashi ya baba iko kwangu.

Asubuhi ile nilipofungasha kwa haraka, ilikuwa mezani kando ya beseni, nikaisomba pamoja na zangu. Sikuiiba, Katee. Lakini niliigundua nilipofika Kitengela na sikuirudisha, na miaka tisa ya kutorudisha haiko mbali sana na wizi. Najua uliitafuta. Baba aliinunua duka la Mhindi alipokuwa akifanya kazi stesheni ya Kajiado, na mpini ulipovunjika alichongewa mwingine wa mpingo na mtu wa Wamunyu, ndiyo maana unakaa mkononi vizuri kuliko wa dukani. Utakumbuka alivyokuwa akitupaka povu puani Jumapili kabla ya kanisa, na wewe ukikimbia nalo usilifute mpaka likauke lenyewe.

Nondo wamezila nywele zake. Nikizilowesha, zinabaki kiganjani. Haiwezi kutoa povu la kidevu kimoja, sembuse kichwa na ndevu za mwezi mzima. Fundo jipya linalofaa ninalo, liko kwenye droo tangu Februari, na drili ninayo, na mpini ungekuwa tayari wiki moja baada ya hapo. Sijaugusa. Nimetengeneza brashi za baba za watu wengine zaidi ya arobaini, na ya baba yetu imekaa dirishani. Si yangu peke yangu. Nikizing'oa nywele zile bila wewe, nitakuwa nimerudia lile lile.

Kwa hiyo nataka kuja Jumamosi ya tarehe 21. Nitakuja na brashi kama ilivyo, vifaa vyangu, na wembe mpya. Wewe ndiye utakayeamua kama nywele zitoke au zikae. Zikitoka, utazipokea wewe mkononi mwako.

Wala sitaki udhani ninajidanganya. Sijui kwa nini umekataa kunyolewa. Inawezekana ni uchungu tu, na mtu mwenye uchungu hatakiwi kutoa sababu. Sitarajii kwamba ni mimi unayenisubiri. Nimekusikia kupitia mdomo wa mwuza vitunguu, na mzee mpweke hujenga nyumba juu ya neno moja. Kama ni hapana, usijisumbue kuandika, mwambie Mwihaki hapana, naye ataniambia akirudi Jumatano. Asiponiambia kitu nitapanda gari.

Kuna jambo la ufundi nataka ulijue mapema. Gundi ninayotumia haina haraka. Inataka mchana na usiku wake kukauka, na kwa baridi yenu ya chini ya mlima huenda ikataka siku mbili. Ukiiharakisha, fundo linang'oka kwenye povu la kwanza. Maana yake ni kwamba tukiiweka huko kwako, nitalazimika kulala. Ningeweza kukuomba ruhusa tu kwa barua hii, nikaimalizia hapa Kitengela, nikaja nayo ikiwa kavu, nikakunyoa na kurudi jioni ile ile. Sitaki.

Nisalimie Kamene, na umwambie baba yake mkubwa hajasahau kuwa alimwahidi kumtoboa masikio na akakimbia aliposikia mtoto analia. Msalimie Kyule na mke wake. Nimesikia wana mtoto waliyemwita Ndulu. Mshikeni mkono kwa niaba yangu, mradi asiambiwe mengi kunihusu kabla sijafika. Gakuru jirani yangu anakupa pole ingawa hakujui. Mutinda nitamwambia Jumapili hii, nitaacha kuficha.

Bwana aliyempa Syokau pumzi na kuichukua akulaze na kukuamsha salama, akupe hamu ya chakula, na alinde mifereji yenu isikauke. Nami aniongezee siku za kutosha kufika Illasit. Nikikuta umekwisha kunyolewa na mtu mwingine, usinieleze kitu, ndugu yangu. Nipe tu kiti.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na aliyechelewa,

Hiram Mulinge